Laptop Iliyokaa Ukuta Mmoja na Kisiagi

Zulfa mwanangu,

Nimekaa kwenye meza yako, hapa dirishani nilipoihamishia. Wewe umelala, au umejifanya umelala, na mimi nimechukua kalamu kwenye kikombe chako bila ruhusa. Begi kubwa liko mlangoni. Laptop iko kwenye begi la mgongoni, umeifunga kwa taulo mbili, na waya wa chaja umeuviringa vizuri vile mama yako alivyokuwa akiviringa uzi wake wa kufumia. Kesho asubuhi unaenda Eldoret kuanza chuo, na mimi nikishakusindikiza nitarudi hapa Bondeni kusaga mahindi ya watu kwenye kisiagi chetu.

Barua hii haitakwambia ule vizuri, uswali kwa wakati, uchague marafiki. Hayo shangazi yako wa Kiamunyi ameshakwambia mpaka masikio yakachoka, na nilikuona ukiitikia huku macho yako yako kwa simu. Mimi nataka tuongee kuhusu laptop. Najua utacheka, mtu ambaye hata kuiwasha hajui anakuandikia barua nzima juu yake. Cheka, lakini soma mpaka mwisho. Mama yako yumo ndani ya hiyo laptop, na mimi nusura nimfute kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tuanzie siku tuliyoinunua. Ulikuwa kidato cha pili, na zamu ya mama yako ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Akina mama wenzake walinunua masufuria na mapazia, yeye akasema mtoto anataka kompyuta ya gemu na atanunuliwa kompyuta ya gemu. Nilimuuliza gemu zitatupeleka wapi. Akaniuliza mpira ninaoutazama kila Jumamosi kwa jirani umenipeleka wapi. Nikaenda kuvaa viatu, kwa sababu timu yangu unaijua.

Njia nzima ya kwenda Kiamunyi, kwa yule kijana aliyekuwa anauza laptop zake mbili kabla ya kusafiri ng'ambo, ulikuwa unanifundisha. Ulisema, "Baba, kwa laptop ya gemu, cha kwanza ni graphics. Ndiyo inachora picha zote. Imechomelewa ndani, ukikosea umekosea. RAM ya kuipa kasi na diski ya kuhifadhi vitu tutabadilisha pole pole tukipata pesa. Usiangalie rangi, usiangalie taa za keyboard. Uliza graphics." Nilikwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia chochote, nilikuwa nawaza kama niliufunga mlango wa kisiagi.

Tukafika sebuleni kwa yule kijana. Laptop moja ilikuwa nyembamba, inang'aa, nyingine nene na nyeusi, kona zimekwaruzwa. Wewe ulianza kuzisoma ndani. Mimi nilishika moja mkono huu na nyingine mkono huu, nikazipima vile ninavyopima debe la mtu anayesema mahindi yake yalikuwa yamejaa. Yule kijana akaangua kicheko. "Mzee, hizo si viazi." Nikamwambia hii nyeusi ndiyo tunachukua, kitu cha maana kina uzito. Ukaniangalia mdomo wazi, maana kwa bahati ile nzito ndiyo iliyokuwa na graphics uliyoitaka. Njia yote ya kurudi ulikuwa unaniheshimu, ukidhani nilikusikiliza. Sikukurekebisha. Leo nakurekebisha.

Nyumbani nikakutafutia mahali pa kuiweka. Nyumba yetu unaijua: chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho kisiagi, huku nyuma tunaishi sisi, katikati ni ukuta mmoja tu wa zamani. Nikaisukuma meza yako mpaka ikagusa ukuta huo, kwa sababu soketi ilikuwa hapo. Soketi hiyo niliivuta mimi mwenyewe kutoka kwa laini ya mashine, ili nisimlipe fundi wa umeme. Kila nikiwasha mota, taa za nyumba zilikuwa zinafifia kidogo, kioo cha laptop kinapepesa, na kikombe chako cha kalamu kinatembea mezani kikienda ukingoni.

Ulisema, "Baba, meza inatetemeka sana."

Nikakwambia ikitetemeka ujue leo tunakula. Nilijiona nimesema maneno ya maana. Hukunisumbua tena na habari ya meza, na mimi sikuwaza tena.

Unga nao ulikuwa unapita chini ya mlango. Feni ya laptop ikaanza kulia, mashine ikawa inajizima yenyewe ukiwa katikati ya vita. Mimi nilisema umeichosha. Mama yako ndiye aliyekwenda dukani akanunua brashi ndogo ya rangi, na kila Ijumaa asubuhi, wewe ukiwa shule, alikuwa anapangusa yale matundu taratibu, anapuliza, anapangusa. Hukulijua hilo. Alinikataza kukwambia kwa sababu ulikuwa umemwambia asiiguse.

Jioni alikuwa anakaa kwenye kitanda chako na ungo wa mchele, anachambua huku anakutazama ukicheza. Ile gemu yenye farasi ndiyo aliyoipenda. Mimi nilikuwa nawasikia kutoka kwenye mashine nikiizima kubadilisha mteja. "Mbona huyo mtu anaingia majini na viatu?" Baadaye kidogo: "Farasi amekunywa maji leo? Tangu asubuhi unamkimbiza tu, si ni kiumbe?" Wewe unamwambia Mama, hii ni gemu. Yeye anakwambia hata kama.

Kisha ukaanza kurekodi. Ulikuwa unacheza huku unaeleza, ili watu wasiokujua watazame kwenye simu zao huko waliko. Ulituita sote wawili ukatuonyesha: kidoti chekundu kikiwaka pale juu pembeni ya kioo, kila sauti ya hii nyumba inaingia. Tafadhalini, Baba na Mama, kikiwaka msiongee. Mimi nilikiogopa kile kidoti. Nikikiona nilikuwa napita kwa ncha za vidole, nimeshika ndala mkononi, kama mtu aliyechelewa kuingia msikitini. Mama yako hakukiogopa hata siku moja. Yeye alisema nyumba yake haiwezi kuzimwa kwa kidoti.

Tulikuwa watu wa furaha, Zulfa. Sikulijua hilo wakati ule, nilidhani tuna shughuli nyingi tu.

Asubuhi ile alisema kichwa kinamuuma. Adhuhuri tulikuwa hospitali. Kabla ya magharibi tulikuwa tunarudi, mimi na wewe, na viatu vyake kwenye mfuko. Zaidi ya hapo siandiki, ulikuwepo.

Watu walipotawanyika baada ya arobaini, nyumba ikawa kubwa. Sauti yake hatukuwa nayo popote, au ndivyo nilivyodhani. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya kubonyeza isiyorekodi, naye alikuwa mtu wa kupiga, kusema shida yake na kukata. Nilikuwa napiga ile namba mchana nikijua kabisa imezimwa, kwa sababu tu kidole kimezoea. Niliogopa kwamba nitaisahau sauti yake, na kweli ilikuwa imeanza kuniponyoka. Maneno yake nilikuwa nayo, lakini nikiyakumbuka yalikuwa yanakuja na sauti yangu.

Siku moja ulikuja kwenye mlango wa kisiagi. Hakukuwa na mteja. Ukasema, "Baba, kuna kitu cha Mama nataka usikie." Sikuuliza kitu gani. Nilidhani unataka tukae tulie, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba nikianza kulia sitaweza kuacha, na watu watasagiwa na nani? Nikainuka nikawasha mashine. Haikuwa na punje ya mahindi ndani. Wewe umekulia hapa, unajua kisiagi hakiwashwi kitupu, vyuma vinapiga vyuma. Nilikiacha kipige mpaka ukaondoka.

Hukunialika tena. Nami nikakaa sijui nilikataa nini.

Ukamaliza kidato cha nne, ukapata nafasi chuoni ya kusomea picha za kompyuta, zile katuni zinazotembea. Ulikuwa unawahariria watu video za harusi, usiku kucha laptop inanguruma, na ulichopata ukaweka. Mimi nikaongeza nilichoweza. Ulinieleza mpango: hakuna haja ya kununua laptop mpya, graphics bado ina nguvu, tutaibadilisha diski iwe ya kisasa na tuongeze RAM, itafika hata mwaka wa mwisho. Safari hii nilikusikiliza. Nilijivuna sana. Nikawaambia wateja binti yangu anajua kuitia mashine ya zamani roho mpya bila kununua nyingine, ameichukua kwangu hiyo.

Ndiyo tukaenda mjini kwa fundi Kimani, pale orofani.

"Sasa madam. Karibu mzee," akasema, akaigeuza laptop akafungua skrubu. Alipoinua kifuniko akatuangalia. "Hii ni nini? Mlikuwa mnasukumia chapati huku ndani?"

Unga ulikuwa umeganda kwenye feni kama ukoko. Mimi nikacheka. Wewe hukucheka, ulikuwa umeinamisha kichwa unasikiliza.

"Unaskia hiyo?" Kimani akakuuliza.

"Naskia. Tik, tik."

"Disk inakufa. Mzee, hizi za zamani ziko na sahani inazunguka ndani, haitaki kutetemeshwa kabisa. Na stima ya kuruka ruka pia inaimaliza. Hii mlikuwa mnaweka wapi?"

Nilikuwa najua jibu, na wewe ulikuwa unalijua. Ukanitupia jicho, kisha ukamwambia fundi, "Kwa meza tu." Hukusema meza gani, wala ukuta gani. Mwanangu, nimefanyiwa mema mengi na watu, lakini lile lako la siku ile nitakufa nalo.

Kimani akatupigia hesabu. "Pesa zenu ziko hivi. Naweza kuwawekea SSD ndogo, hiyo diski ya kisasa, na RAM niongeze, hapo hii kitu itakimbia kama mpya. Ama SSD kubwa peke yake, RAM ibaki ile ile, na kwa hiyo kozi yako utaumia kidogo. Zote mbili haziwezekani."

"Kubwa," ukasema.

"Ya nini? Umejaza nini huku?"

"Video tu."

"Basi futa, ndogo inakutosha na nafasi inabaki. Madam, kwa kazi yako RAM ndiyo kila kitu."

"Sitaki kufuta."

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilikuuliza video za nini, ukasema za gemu. Damu ikanipanda. Nikasema mbele ya fundi na wale vijana wawili waliokuwa wanangoja simu zao, "Yaani unaacha kitu cha masomo kwa ajili ya gemu za zamani? Hivi ndivyo unaenda kuanza chuo? Fundi, futa hiyo takataka yote, weka RAM."

Ukasema, "Baba, tafadhali." Machozi yakakutoka na hukuyapangusa. Ungeweza kunieleza kwa maneno matatu. Nimefikiri kwa nini hukunieleza, na najua. Ulikumbuka kile kisiagi kitupu. Ulidhani nikisikia jina lake pale mbele ya watu nitavunjika, na ukaona afadhali uonekane mjinga wa gemu.

Kimani ni mtu mwenye subira. Akasema, "Pole pole mzee. Kwanza tuone kama zinafunguka, pengine hata tunagombania kitu imeshakufa." Akaunganisha ile diski na kompyuta yake, akabonyeza moja.

Kwanza nilisikia mashine yangu. Niliitambua kabla sijatambua kitu kingine, ule mvumo wake na ule mkanda uliolegea. Juu ya mvumo ulikuwa wewe, unaeleza namna ya kuvuka mto na farasi. Halafu mlango ukalia.

"Zulfa! Zulfa wee! Chakula kinapoa."

"Mama, narekodi!"

"Si urekodi, nani amekukataza? Mimi naita watu kula. Na huyo farasi umemnywesha maji?"

"Mamaaa! Umeharibu yote! Toka!"

Mlango ukafungwa. Mashine ikaendelea kuvuma. Kimani akainua mkono wake kwenye kompyuta pole pole, na wale vijana wakatazama sakafu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Ilikuwa ni yeye, Zulfa. Ilikuwa ni yeye mwenyewe, na lile "wee" lake la kuvuta, na ile pumzi aliyokuwa anavuta kabla ya kuniudhi. Nilikuwa nimeisahau ile pumzi.

Nikamwambia fundi, "Weka kubwa."

Tulikaa pale mpaka watu wakaanza kufunga maduka. Zilizoweza kuhama zilihama. Nyingine zilikataa, zinaonyesha jina tu na kioo cheusi. Ile ya sikukuu, aliyoimba jikoni akikaanga, uliyoniambia ndiyo uliyoitaka kuliko zote, ilikataa kabisa. Kimani aliijaribu tena na tena, akatikisa kichwa. Hiyo haikuliwa na uzee wa diski. Ililiwa na meza yangu na ukuta wangu na ile soketi niliyovuta ili nisimlipe mtu. Ulipotoka nje kununua maji nilimwambia Kimani ukweli, meza ilikuwa wapi. Akaniambia, "Wazee wengi huweka hivyo." Sijui kama ni kweli au alinionea huruma. Niliporudi nyumbani nilihamisha meza kabla ya kuvua viatu, na sijui nilikuwa naiokoa kutoka kwa nini wakati huo.

Kwa hivyo unaenda chuoni na RAM ile ile ndogo. Itakwama kwama. Utakuwa unafungua zile programu zenu nzito, wenzako wameanza kazi, wewe bado unatazama kile kiduara kinazunguka. Utaona haya. Pengine utaikasirikia hata ile sauti iliyokaa kwenye nafasi yako. Ikitokea hivyo, usijione mtoto mbaya, uchovu huwa unasema mambo. Kimani alituonyesha nafasi ya pili ya RAM, iko tupu, imetulia. Ukipata harusi za kuhariri, uijaze. Hilo linaweza kungoja.

Ulinifundisha ile siku ya Kiamunyi na sikusikia: anza na kile kisichobadilishwa, vingine vitakuja. Mimi nilianza na vinavyobadilishwa. Mota, mkanda, nyavu za unga, bati la mbele. Nilikuwa namwambia mama yako nikimaliza bati nitapumzika, twende hata ziwa Elmenteita tukaone ndege, siku moja tu, na wewe ukiwa umefunga shule. Alikuwa ameshachagua nguo ya kuvaa. Bati liko, linang'aa, na nguo iko kwenye kabati, imekunjwa.

Sasa nikwambie kitu kinachonikosesha raha. Nimekuona. Unapofungua zile rekodi, unaisikiliza sauti yake halafu ikifika sauti yako unaziba masikio. "Toka." Najua neno hilo linakula ndani. Unadhani alitoka pale mlangoni na moyo mzito. Lakini kidoti chako kilibaki chumbani, hakikumfuata nje. Mimi nilikuwa huko nje. Alikuja kwenye kisiagi amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanaruka kwa kicheko, mpaka nikazima mashine nikidhani kuna jambo. Akasema, "Ati nimeharibu yote! Ngoja kesho. Kesho nitaita kwa sauti ya muadhini." Mteja mmoja, mama aliyeleta wimbi wa kusaga, gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, alikuwepo, akacheka pia bila kujua anacheka nini. Hivyo ndivyo alivyotoka chumbani kwako. Kila ukisikia ule mlango unafungwa, ongeza hapo kicheko chake, kwa sababu kilikuwepo.

Lingine ni langu. Siku ile kwa Kimani, tulipokuwa tunangoja, alifungua moja baada ya nyingine kuhakikisha. Wewe umo. Mama yako yumo, anaita, anauliza, anakohoa, anamgombeza paka wa jirani. Nikawa nangoja nijisikie. Simo. Miaka yote ile, Zulfa, katika nyumba yangu mwenyewe, mimi ni ule mvumo. Nilikuwa napita na ndala mkononi nikidhani ninakusaidia. Na baada ya mama yako kuondoka nilizidi, nikawa sipigi hata chafya. Nilidhani nyumba yenye huzuni inataka ukimya, na wewe ukaniiga, ukawa unacheza na vitu masikioni, maikrofoni umeizima. Tulikuwa tunakula tunasikia vijiko.

Usiishi hivyo huko uendako. Utakaa chumba kimoja na wasichana usiowajua, watapiga kelele, watacheka, wataita wenzao dirishani wakati unarekodi. Waache waingie. Mimi sina la kukufundisha juu ya kompyuta, lakini hilo nimelilipia.

Nitakuwa sawa. Sisemi hivyo kukutuliza, nasema kwa sababu kisiagi kitafunguliwa kesho kutwa na watu watakuja na madebe yao. Jioni ndiyo itakuwa ngumu. Nitaweka sahani mbili kwa mazoea, vile tulivyokuwa tunaweka tatu. Ukiweza, siku nyingine nipigie simu halafu usiseme kitu, cheza tu gemu yako na uache simu hapo mezani. Nitakuwa nakusikia ukimsemesha farasi.

Kabla sijaweka kalamu yako mahali pake, kuna jambo la leo jioni nataka ulijue.

Ulikuwa hapa mezani, unaijaribu laptop kwa mara ya mwisho. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilikuwa naenda jikoni na nilikuwa nimevua ndala kama kawaida yangu. Nikasimama. Nikazivaa tena. Nikarudi mpaka mlangoni kwako nikaita, kwa nguvu zote za kifua changu, "Zulfa! Zulfa wee! Chakula kinapoa!"

Ukaruka kwenye kiti. "Baba! Narekodi!"

Nikasema, "Si urekodi, nani amekukataza? Mimi Athumani naita binti yangu kula." Nikabaki nimesimama hapo, nikakuuliza kama farasi amekunywa maji. Macho yakakujaa, ukasema amekunywa, Baba.

Ulipokuja jikoni ulifunua sufuria ukakuta maji matupu, hata kuchemka hayajaanza, na mchele bado uko kwenye ungo. Ukaniuliza kinapoa chakula gani. Nikakwambia nimechanganyikiwa, ni mambo ya safari.

Sikuchanganyikiwa, mwanangu. Nilikuwa nimekiona kidoti chekundu.

Baba yako,
Athumani